Neno la siri analijua dogo wa steshenari

Kuna dogo wa steshenari moja huku Dodoma, upande wa Sabasaba, anajua paswedi zangu tatu. Hajaziiba, nimempa mwenyewe, tena kwa sauti, nimesimama kaunta na nyuma yangu kuna bodaboda anasubiri kutoa kopi ya leseni na mama mmoja anataka kuprinti kadi za mchango wa harusi. "Mwalimu, neno la siri?" Nikalitaja herufi moja moja, B kubwa, u ndogo, i ndogo, nikapandisha sauti maana mashine ya fotokopi ilikuwa inanguruma na upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe ukianza. Neno la siri! Kiswahili kimelipa jina zuri namna hiyo afu mi nalinadi kama mbuzi wa mnada wa Msalato.

Mtu akinisikia pale anajisemea maskini, haoni, lazima asaidiwe. Hapo ndo nataka tuelewane toka mwanzo. Ni kweli sioni, nilikuwa mdogo surua ikapita na macho, nimesoma Buigiri pale Chamwino, shule ya wasioona iliyoanza 1950, nukta nundu nilizijua kabla sijajua kupiga mluzi, na sa hivi nafundisha sekondari. Ila kompyuta naijua. Makala hii naiandika mwenyewe kwenye laptopu yangu, imeili najibu mwenyewe, maksi za wanafunzi naingiza mwenyewe kwenye Excel, na usiku usingizi ukigoma nasoma habari za mpira wa Ulaya mpaka saa nane. Kilichonipeleka steshenari ni fomu. Yule aliyeitengeneza ile fomu ndo kanishika mkono akanifikisha kaunta, na wala hajui.

Kwa ambao hamjawahi kusikia, ipo programu inaitwa kisoma skrini, kazi yake ni kuchukua kilichoko kwenye skrini na kukigeuza sauti. Kwenye ukurasa wa mtandao haiangalii kama jicho linavyoangalia, inasoma kile kilichoandikwa nyuma ya ukurasa, kwenye kodi (siyo ile ya TRA). Maus hatugusi, kila kitu ni kiibodi. Nikibonyeza H narukia kichwa cha habari kinachofuata, F inanipeleka sehemu ya kujaza, B kwenye batani, T kwenye jedwali. WebAIM, wale Wamarekani wanaowauliza watumiaji wa hizi programu kila baada ya miaka michache, wanakuta kama watu 7 kati ya 10 wakifika kwenye ukurasa mrefu wanaanza kwa kurukaruka vichwa vya habari, yaani kama wewe unavyopitisha jicho juujuu ujue habari yako iko wapi. Sasa developa akikuza tu fonti na kuikoleza ili ionekane kichwa, bila kuuambia ukurasa kwamba hiki ni kichwa, mi inabidi nisikilize toka juu mpaka chini kama mtu anayesubiri jina lake litajwe kwenye hotuba ya mgeni rasmi.

Turudi kwenye ile fomu. Ilikuwa ya kuomba kazi, ya nani sitaji. Nilianza saa tatu usiku, watoto wamelala, hedifoni masikioni. Nikaandika paswedi, sauti ikawa inasema staa, staa, staa kila nikigusa herufi, na hicho kitu kidogo nakipenda sana, mashine inanifichia hata mimi mwenyewe. Nikaingia. Ukurasa wa pili: Tab, "editi, blanki." Tab, "editi, blanki." Tab, "editi, blanki." Yaani sehemu ya kujaza, tupu, ya nini haisemi. Nilizihesabu kumi na moja. Mke wangu kesho yake ananiambia mbona kila kiboksi kina jina lake juu hapa, jina la kwanza, jina la kati, namba ya kitambulisho, yameandikwa vizuri tu kwa rangi ya bluu. Ndiyo, yameandikwa, lakini hayajafungwa na kiboksi chake. Kwa macho yamekaa jirani, kwenye kodi hayajuani. Kuyaunganisha ni mstari mmoja, lebo unaiambia wewe ni ya kiboksi fulani basi imeisha, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa hilo wiki ya kwanza ya fomu.

Mi nikawa napanda juu kwa mshale, nasoma mstari mmoja mmoja, nahesabu, nashuka, najiambia kiboksi cha nne kitakuwa simu. Nikafika tarehe ya kuzaliwa, kumbe ni kalenda ya kubofya kwa maus tu, ukiandika kwa kiibodi inakataa. Nikairuka nikasema nitaona mbele ya safari. Chini kabisa kuna batani tatu na zote hazina jina. "Batani." "Batani." "Batani." Walioona wanasema moja ina kialama cha diski, nyingine kindoo cha taka, ya tatu mpaka leo hakuna aliyeniambia. Nikabonyeza ya katikati. Editi blanki kumi na moja zikarudi zimejipanga kama askari. Nikaanza upya, nikafika ya saba, mfumo ukaniambia muda wako umeisha, ingia tena. Saa sita kasoro hiyo. Asubuhi nikatoa elfu tano, dogo wa steshenari kamaliza dakika kumi na tano, na katika hizo dakika kumi na tano kaona namba yangu ya kitambulisho, kaona nilipata daraja gani fomu foo, kaona sababu ya kuhama kituo nilichokuwa, na koodi ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu nimempa aisome yeye kwa sababu inaisha muda haraka na foleni ilikuwa inalalamika.

Najua mtasema hata wanaoona wanakwenda steshenari, wanajaziwa fomu, wanatoa paswedi. Kweli kabisa, na mi naona hiyo nayo ni balaa lake. Tofauti ni kwamba wewe unasimama pale unamwangalia. Akiandika Msalato badala ya Msanga unamwambia dogo hapana. Akipiga picha skrini kwa simu yake unamwona. Mi nasikia vidole vinagonga kiibodi na nasema amina.

Zamani tulikuwa na kisingizio na kisingizio chenyewe kilikuwa cha haki: bei. Kisoma skrini kikubwa kilikuwa JAWS, kilianza 1989, kakibuni Mmarekani mmoja Ted Henter, huyu jamaa alikuwa anashindana mbio za pikipiki afu akapoteza macho kwenye ajali ya gari 1978, akaamua kusomea kompyuta. Programu nzuri sana, ila leseni yake ilikuwa inaweza kuzidi dola 1,000, piga hesabu kwa shilingi uone mshahara wa mwalimu unaingia mara ngapi. Ukiifungua bila leseni inafanya kazi dakika 40 tu, zikiisha unazima kompyuta nzima unawasha upya ndo inakupa nyingine 40. Mi nimemaliza chuo kwa dakika arobaini arobaini hivyo hivyo. Unaandika asaimenti, unajifunza kusevu kila baada ya sentensi mbili, na wenzako chumbani wanajua kabisa huyu jamaa akinyamaza gafla sauti imekatika, subiri awashe tena.

Afu mwaka 2006 kijana wa Australia, Michael Curran, asiyeona, akaona huu ni upuuzi, kwa nini mtu asiyeona alipe zaidi ya bei ya kompyuta yenyewe ili aweze kuitumia. Akaanza kuandika kisoma skrini chake, NVDA, akaungana na rafiki yake James Teh, naye haoni, walijuana toka wadogo kwenye kambi ya muziki. Bure, unaidaunlodi, unaweka hata kwenye flashi unatembea nayo. Mwaka 2009 iPhone ikatoka inaongea toka kiwandani, na Android nayo ikapata TalkBack, kwa hiyo leo hata simu ya bei ya chini unaingia kwenye setingi unaiwasha inaanza kukusomea. Yaani upande wetu gharama imeshuka mpaka karibu na sifuri. Kwa hiyo ninaposhindwa kujaza fomu mwaka huu, sababu haiwezi kuwa ile ile ya nilipokuwa chuo. Wakati ule ukuta ulikuwa kwangu, kwenye mashine yangu. Sa hivi mashine ninayo, inaongea mpaka majirani wanaijua, ukuta umehamia kwa anayetengeneza ukurasa, na kwake kuubomoa ni bei rahisi kuliko ilivyowahi kuwa kwangu.

Na wala sisemi ni sisi Watanzania tu. Hao hao WebAIM kila mwaka wanapima kurasa za mbele za tovuti milioni 1 duniani, mwaka 2024 asilimia 95.9 zilikutwa na makosa yanayogundulika na mashine, kwa wastani makosa 56.8 kwa ukurasa mmoja. Na makosa ni yale yale kila mwaka, rangi hafifu, picha zisizo na maelezo, viboksi visivyo na lebo, linki tupu, batani tupu, na ukurasa usiosema uko kwa lugha gani. Miongozo ya kutengeneza kurasa ambazo na sisi tunaweza kuzitumia ipo toka 1999, inaitwa WCAG, ya sasa ni toleo la 2.2 la mwaka 2023.

Hilo la lugha ngoja nikae nalo kidogo maana ndo letu kabisa na sijawahi kusikia mtu akiliongelea. Juu kabisa ya kila ukurasa kuna sehemu ya kutaja lugha. Kiswahili ni herufi mbili tu, s na w. Kisoma skrini kikizikuta kinabadili sauti, kwenye NVDA kuna sauti ya bure ya eSpeak inayojua Kiswahili, inaongea kama mtu yuko ndani ya pipa la simtanki ila matamshi iko sawa, irabu zetu tano inazijua. Sasa developa wetu anachukua templeti ya kizungu, anabadilisha maneno yote kuwa Kiswahili safi, ile sehemu ya juu anaiacha na en ya Kiingereza, kwa sababu yeye haioni kwenye skrini. Basi mashine inaamini na inaanza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Jinsi ya kike inakuwa "kaiki." Jina la mke wake, mke "weiki." Wilaya ya Same inakuwa "seimu." Nikikosea kitu mfumo unaniomba radhi, "poulu." Huduma hii ni "byuwa," mi nikawa najiuliza byuwa ni tozo gani tena, kumbe ni bure! Nimeshazoea, kichwani nina kamusi yangu ya Kiswahili kilichovunjika, lakini fikiria kijana wa darasa la sita anayeshika kompyuta kwa mara ya kwanza, lugha yake mwenyewe inamfikia imevaa suti ya mtu mwingine. Na dawa ni kufuta herufi mbili, kuandika mbili.

La pili letu ni matangazo. Ofisi nyingi tangazo linaanzia kwenye Word, maandishi kabisa, mi ningelisoma kwa sekunde ishirini. Afu linaprintiwa, linasainiwa, linapigwa muhuri, linaskaniwa, linapandishwa mtandaoni kama PDF ambayo ni picha. Nikilifungua naambiwa waraka hauna kitu. Windows ina uwezo wa kutambua herufi kwenye picha, NVDA inaiita kwa vibonyezo viwili, na inajitahidi, ila muhuri ukikaa juu ya tarehe ya mwisho ya kuomba, na muhuri siku zote unakaa hapo hapo, inakusomea mdudu. Jedwali ndo usiseme, linatoka limevutana kama mlenda. Muhuri nauheshimu jamani. Piga muhuri, skani, weka, na ile ya Word weka pembeni yake, ilishaandikwa tayari!

Sheria tunazo, tena za siku nyingi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu Tanzania imeuridhia 2009, na ibara ya 9 inataja habari na mawasiliano, intaneti ikiwemo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya 2010, na humo mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea anatakiwa asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Sasa unganisha mwenyewe. Mlango wa kazi siku hizi ni fomu ya mtandaoni. Fomu ina editi blanki kumi na moja na kalenda ya maus. Mwisho wa mwaka mwajiri anaulizwa asilimia 3 iko wapi, anajibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba hawakuomba. Na hasemi uongo, kwenye mfumo wake kweli hatupo.

Wenzetu waliwahi kupelekana mbele kwa hili. Australia, Bruce Maguire, haoni, alilalamika 1999 kwamba tovuti ya Olimpiki ya Sydney hawezi kuisoma, picha hazina maelezo, majedwali ya matokeo hayafuatiki. Waandaaji wakasema kurekebisha kutakula zaidi ya dola milioni 2 za kwao na muda mrefu, wataalamu wakasema hapana bana, hii ni kazi ya wiki chache. Jamaa akashinda mwaka 2000, waandaaji hawakurekebisha yote, wakaamriwa kumlipa dola 20,000. Ninachokipenda hapo ni ile mifuko miwili ya hesabu, mamilioni na wiki chache. Mpaka leo ukimwambia bosi kuhusu wasioona anakutajia mamilioni, na kwa kiasi fulani namwelewa, ukitaka kubomoa nyumba iliyokwisha pauliwa uweke mlango ni gharama. Mlango unawekwa wakati wa msingi.

Wapo pia wanaouza njia ya mkato, kidude unakibandika kwenye tovuti kinakuja na kialama cha mtu kwenye kona, wanasema akili bandia itarekebisha kila kitu. Mwaka 2025 kampuni moja ya hivyo, accessiBe, mamlaka ya biashara ya Marekani iliitaka ilipe dola milioni 1 kwa kudai kidude chake kinafanya kisichofanya. Huku kwetu nimeshakutana navyo viwili vitatu, kazi yake kubwa kwangu ni kuongeza batani nyingine isiyo na jina.

Na akili bandia yenyewe? Naitumia, sitajifanya mtakatifu. Be My Eyes ilianza 2015, unampigia mtu anayeona popote alipo duniani anakutazamia kwa kamera, na toka 2023 ina akili bandia ya kuelezea picha. Nimeitumia kujua hii pakiti ni chumvi au sukari, na kujua shati nililovaa Jumapili lina doa la mchuzi, kitu ambacho mke wangu alikinyamazia mpaka tumefika kanisani. Lakini kupiga picha kitambulisho changu na slipu ya mshahara nikazituma kwenye kompyuta ya watu nisiowajua ng'ambo ili nisomewe fomu ya nyumbani kwangu, huyo ni dogo wa steshenari yule yule, kaota tu ndevu. Ya wakala wa pesa na namba ya siri naiacha, menyu inakata kabla sauti haijamaliza kusoma chaguo la tano, mnajua wengi tunaishiaje.

Mwezi uliopita kijana mmoja niliyemfundisha, sa hivi anatengeneza mifumo, ofisi yao iko Ilazo, alikuja kunisalimia. Shikamoo mwalimu, marahaba, soda, nikamwambia kabla hujanywa fungua ile fomu yako unayojisifia. Nikawasha NVDA kwenye laptopu yake, nikamwambia funika skrini na hilo koti lako ujaze. Mwanzo alicheka. Kwenye kiboksi cha tatu akaacha kucheka, nikasikia anavuta pumzi. "Mwalimu hii inasema editi blanki." Nikamwambia endelea. Akafika kwenye batani akauliza sasa hapa nitajuaje, nikanywa soda yangu. Hakumaliza. Siku mbili baadaye kanipigia usiku, jaribu sasa, nikajaribu, jina la kwanza ikasema jina la kwanza, kwa irabu zetu tano. Nikamuuliza imekuchukua muda gani, akasema mchana mmoja, na nusu yake alikuwa anatafuta kwa nini kalenda inagoma.

Ya kwake imekaa sawa. Ile iliyonipeleka Sabasaba bado, na juzi ilibidi nirudi kuangalia kama nimeitwa usaili, maana majibu yako humo humo ndani. Dogo hayupo, kaenda kutafuta maisha Mwanza. Kuna binti, mgeni kabisa, sauti sijawahi kuisikia. Nikamtajia jina, nikawa nimeshakohoa nijiandae kuanza na B kubwa. "Subiri mwalimu," anasema, nikasikia anafunua kurasa za kaunta buku, kubwa lile la kwata nne, anafunua anafunua. "Ee, hii hapa. Zipo tatu. Nitumie ya juu?"